Imekuelea?

Haya ni maneno niliyoyasema Morogoro, mbele ya walimu wa Kiswahili na wasaidizi wa kisheria wa vijijini. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike, nami nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Walimu wenzangu, na ninyi wasaidizi wa kisheria mliotoka Kilosa, Gairo, Mvomero na kwingineko, poleni na safari.

Mlangoni kila mmoja amepewa karatasi iliyokunjwa. Naomba msiifungue. Itieni mfukoni, ifungeni kwenye pindo la kanga, tutaifikia.

Nimeombwa nizungumze juu ya ufafanuzi. Kufafanua jambo, kufafanua andiko, ni kufanya nini hasa? Nimefundisha Kiswahili miaka 31. Nimesahihisha karatasi nyingi mno zenye swali linaloanza na neno "Fafanua", na kwa muda mrefu nilitoa maksi kwa kuangalia urefu. Mwanafunzi akijaza kurasa mbili, nilimhesabu amefafanua. Nilikuwa nakosea, na wapo watoto niliowanyima haki yao kwa sababu walisema kwa mistari mitano kile ambacho wenzao walikizungukia kwa mistari hamsini bila kukigusa. Kwa hiyo leo sikuja kuwafundisha jambo nililolijua siku zote. Nimekuja na jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua, ilhali nilifundishwa nikiwa na miaka tisa.

Nilizaliwa Pangani. Jioni, baada ya swala ya magharibi, tulibaki msikitini tukisubiri isha, na maalimu wetu alitusomesha. Kitabu kilikuwa cha Kiarabu, na sisi Kiarabu hatukukijua. Alisoma kipande kidogo, pengine maneno manne, akanyamaza, akakieleza kwa Kiswahili. Kuna jioni tulitoka na mistari miwili tu. Akishamaliza kipande alimkazia macho mmoja wetu na kuuliza: "Imekuelea?"

Ukijibu, "Ndiyo, maalimu," hakukuacha. Alisema, "Haya, nirudishie kwa maneno ya mama yako."

Kwa maneno ya mama yako! Ukimrudishia maneno yake mwenyewe, hata uyapange sawasawa, alitikisa kichwa na kuanza upya. Alitaka yale maneno unayotumwa nayo dukani, yale unayoombea chakula. Maana ikishafika kwenye maneno hayo, alijua imeingia nyumbani.

Ndugu zangu, lisikilizeni vizuri lile neno lake. Imekuelea. Kuelea ni kukaa juu ya maji. Mashua inaelea, kifuu cha nazi kinaelea. Jambo nalo humwelea mtu, maana yake limepanda juu, analiona. Likishamwelea, tunasema ameelewa. Na yule aliyelifanya limwelee, tunasema ameeleza. Kuelea, kuelewa, kueleza: ni mzizi mmoja huo. Lugha yetu imeshatupa jibu tangu zamani, sisi tunapita juu yake kila siku. Kueleza ni kukitoa kitu chini kwenye kina na kukipandisha hadi mtu akione kwa macho yake, akiguse, akigeuze, aseme kama anakitaka au hakitaki.

Na mnakumbuka wahenga: ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi wa Pangani tunaijua methali hii kwa mikono. Chombo hakielei kwa kuombewa. Kuna mkuku, ule uti wa chini, uliolazwa kwanza, kuna mataruma, mbavu za chombo, kuna mbao zilizopindwa kwa subira, kuna kalafati iliyogongwa katika kila ufa. Ufa mmoja ukisahauliwa, maji hayaulizi zile nyufa nyingine mia zimezibwa vizuri kiasi gani.

Ngoja niwape ufa mmoja. Mdogo, neno moja tu na tarakimu yake.

Mjukuu wangu aliugua malaria. Binti yangu akampeleka kupimwa, akaandikiwa dawa ya mseto. Wengi wenu mnaijua: dozi ya kwanza, dozi ya pili baada ya muda, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtoa dawa akamweleza vizuri, kwa upole, kwa Kiswahili safi. Akasema, "Dozi ya pili umpe baada ya saa 8." Binti yangu akaitikia. Dozi ya kwanza mtoto alikunywa palepale, saa 3 asubuhi. Wakarudi nyumbani.

Mchana, saa 8 ilipopita kidogo, nikamwona binti yangu anachukua kikombe cha maji na bahasha ya dawa. Nikamuuliza, "Mbona mapema?" Akaniambia, "Mama, si aliniambia baada ya saa 8?"

Nani kakosea hapo? Mtoa dawa alimaanisha zipite saa nane tangu dozi ya kwanza, yaani saa 11 jioni. Binti yangu alisikia saa nane ya mchana, iliyo ukutani. Sentensi ni ileile, herufi ni zilezile, sarufi haina kasoro. Na kama mtoto angepewa dozi ya kwanza saa 9 alasiri, ya pili ilikuwa yake saa 5 usiku, lakini mama huyuhuyu angekesha akisubiri saa 8 usiku, mtoto akichelewa dawa kwa saa tatu nzima. Mtaani tumejitengenezea njia ya kukwepa, tunasema "masaa manane" kutenganisha na "saa nane", na walimu wa Kiswahili, mimi nikiwa wa kwanza, tumewachapa watoto kwa kusema "masaa". Leo nauliza: yule mtoto aliyesema "masaa manane" hakuwa anafafanua?

Siku ile nilimpigia simu muuguzi tunayefahamiana. Hakunipa somo. Aliomba aongee na binti yangu, akamuuliza, "Mwanangu, nitajie, utampa lini na lini?" Binti akaanza kuhesabu kwa sauti, akaligundua kosa mwenyewe. Kisha akaambiwa aandike juu ya bahasha: leo saa 11 jioni. Maneno manne. Hayo maneno manne ndiyo ufafanuzi. Yale maelezo marefu ya asubuhi, yenye upole wote ule, hayakuwa yamefika.

Nataka mshike hilo, kwa sababu sasa naingia kwenye jambo zito, na liko hapa hapa mkoani kwetu.

Nani hapa hajasikia jina la Mangungo? Naona mikono haipo. Wote tumelisikia. Tulilisoma shuleni. Na bungeni, na kwenye magazeti, mtu akisaini mkataba mbaya anaitwa Mangungo. Limekuwa tusi.

Haya, tulitazame andiko lenyewe. Karl Peters, Mjerumani, alifika Zanzibar Novemba 1884 na wenzake wachache, wakavuka hadi Saadani, wakaingia bara. Tarehe 29 Novemba 1884, Msovero, Usagara, katika Kilosa ya leo, ikawekwa karatasi mbele ya Mangungo, mtawala wa hapo. Karatasi ya Kijerumani. Mwanzoni inatangaza urafiki wa milele kati ya pande mbili. Urafiki wa milele! Nani anakataa urafiki wa milele na mgeni aliyekuja na zawadi? Kisha, chini ya urafiki huo, inasema Mangungo anaitoa nchi yake yote, na haki zake zote, kwa Peters na chama chake, waitumie wao peke yao kwa ukoloni wa Kijerumani. Mangungo akatia alama yake.

Lakini kuna sehemu moja ambayo shuleni hatukusomeshwa, na mimi nilipokutana nayo nilishindwa kulala. Karatasi ile inasema kwamba yaliyomo yameelezwa kwa Mangungo kwa uwazi na mkalimani aitwaye Ramazani.

Mmesikia? Yameelezwa kwa uwazi. Imeandikwa!

Sasa niambieni, mwaka 1884, hapo Msovero, Ramazani alitumia neno gani kueleza "ukoloni wa Kijerumani"? Ukoloni ulikuwa bado haujafika. "Kutoa nchi" alikuelezaje kwa mtu ambaye ardhi kwake haikuwa kitu cha kutolewa kama mbuzi, ni kitu cha kukaribishana? Je, Mangungo alipewa nafasi ya kurudisha kwa maneno ya mama yake? Je, aliulizwa: "Baada ya karatasi hii, kesho asubuhi nani atagawa mashamba ya hapa?" Swali hilo moja lingetosha kuvunja mkutano. Ndiyo maana halikuulizwa.

Peters alikusanya mikataba ya namna hiyo kwa wiki chache tu. Tarehe 27 Februari 1885, Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuilinda nchi hiyo. Wiki chache za karatasi zikafungua mlango wa zaidi ya miaka 30 ya utawala wa Kijerumani. Na sisi, wajukuu, tunamcheka Mangungo. Mimi simcheki tena. Namcheka nani? Mtu aliyetiliwa sahihi kwamba ameelezwa? Wazee wa Kilosa mlioko hapa, jina hilo ni la kwenu, na nawaomba mlitetee.

Karibu miaka mitano baada ya Msovero, kaskazini yetu, kisa kinachofanana kiliishia kwingine. Mei 2, 1889, Menelik wa Ethiopia na Italia walitia sahihi mkataba wa Wuchale. Safari hii kulikuwa na andiko la Kiamhara na andiko la Kiitaliano. Ibara ya 17 kwa Kiamhara ilisema mfalme anaweza kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Ya Kiitaliano ilimfunga kuitumia. Neno moja, anaweza, liligeuka kamba. Lakini Menelik alikuwa na andiko lake, kwa lugha yake, na watu wa kumsomea. Alipogundua, alibisha. Mwaka 1893 akaukana mkataba. Italia ikaja na jeshi, na Machi 1, 1896, huko Adwa, jeshi hilo likashindwa.

Sisemi andiko lilishinda vita. Walioshinda vita ni watu na bunduki. Nasema Menelik alijua ni kitu gani anakikataa. Mtu hawezi kukataa kilichozama.

Ndugu zangu wasaidizi wa kisheria, sasa nije kwenu. Mwaka 2021 Bunge letu lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Nilifurahi kama mtoto. Lakini tusijidanganye kwamba kazi imekwisha. Kutafsiri ni kulivusha andiko mto. Likishavuka, bado linaweza kuzama ng'ambo ya pili.

Mama yangu mdogo, mtu mwenye akili zake, ana biashara ya vitenge, alikopa shilingi 500,000 kwa hawa wakopeshaji tunaowaita kausha damu. Fomu ilikuwa ya Kiswahili. Aliisoma yeye mwenyewe, maana darasa la saba la zamani lile lilijua kusoma. Fomu ilisema riba ni asilimia 10 kwa mwezi ya mkopo wa awali, muda miezi 6. Mama mdogo akapiga hesabu: asilimia 10 ya laki tano ni elfu hamsini. Nitarudisha 550,000. Akatia sahihi chini ya maneno "Nimesoma, nimeelewa na nimekubali."

Yale maneno "kwa mwezi" aliyasoma. Hayakumwelea. Elfu hamsini mara sita ni 300,000. Deni lilikuwa 800,000. Mwezi wa nne wa mkopo walikuja kuchukua cherehani.

Kwa dakika moja, mtu mmoja mezani pale angeweza kuchukua kipande cha karatasi, akaandika jina la kila mwezi, na kando ya kila mwezi akaweka elfu hamsini, kisha akajumlisha mbele ya macho yake. Hakuna aliyefanya hivyo. Na lile neno "nimeelewa" lililochapwa tayari kwenye fomu, kabla hata mama mdogo hajafika, mnaona linavyofanana na lile la Msovero? "Yameelezwa kwa uwazi." Karatasi inajishuhudia yenyewe. Nikisikia mtu anasema "lakini alisaini", moyo wangu unauma.

Na mirathi? Hapa mnajua zaidi kuliko mimi ninavyojua. Ni mara ngapi mmekutana na familia ambayo baba mdogo amerudi kutoka mahakamani na karatasi mkononi, akamwambia mjane, "Mahakama imenipa nyumba"? Karatasi inasema msimamizi wa mirathi. Neno la Kiswahili, linajulikana na kila mtu. Na kwa sababu kila mtu analijua neno msimamizi, hakuna anayeliuliza. Msimamizi wa shamba si ndiye mkubwa wa shamba?

Msaidizi mmoja wa kisheria, binti mdogo kwa umri, nilimsikia akilieleza mbele ya ukoo mzima, chini ya mwembe. Alimuuliza yule baba mdogo kwa heshima: "Baba, ukikabidhiwa ng'ombe wa mwenzio uwachunge, jioni unawapeleka zizi la nani?" Wazee wakacheka, wakajibu, "La mwenyewe." Akasema, "Mahakama imekukabidhi uchungaji. Ukusanye mali, ulipe madeni ya marehemu, uwagawie warithi, urudi mahakamani uonyeshe ulivyogawa." Nilipenda sana. Lakini kilichonigusa zaidi ni alichofanya baada ya hapo. Alisema, "Sasa mfano wangu una mahali unapoishia. Mchungaji hurudisha ng'ombe kwa mwenyewe, na hapa mwenyewe amefariki, ndiyo maana mali inakwenda kwa warithi wote, na baba naye akiwa mrithi, atapata fungu lake." Alijua mfano ukiachwa peke yake utatembea hadi kusikokusudiwa. Aliufunga kamba. Walimu, ni wangapi kati yetu tunafanya hivyo darasani?

Hilo linanirudisha Pangani. Maalimu wetu alikuwa na desturi. Aliposoma na kueleza maneno ya kitabu, kitabu kilikuwa wazi mbele yake. Alipotaka kusema maoni yake mwenyewe, alikifunga, kidole kikibaki ndani kushika ukurasa. Hakututangazia. Tuliona tu. Kitabu kikifunikwa, tulijua: haya sasa ni ya maalimu. Naye alituruhusu kubishana na kitabu kilichofunikwa.

Tufanyeni hivyo. Unapomweleza mtu barua ya baraza la ardhi, mwambie: hapa ndipo barua inaposema, na hapa ni mimi, nadhani. Asipoona mpaka huo, atakwenda kusimama mbele ya hakimu na kudai "imeandikwa", kumbe umeandika wewe kwa mdomo.

Kwa walimu wa fasihi nina neno moja, kisha nimalize. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu 1840, yalikuwa ya siku zake: vita vyake, wapinzani wake, mambo ya mji. Wenye kuyajua walipokuwa wanakwisha, Mwalimu Sikujua Abdallah, aliyefariki 1890, aliyakumbuka na kuyakusanya, akampa Taylor, mmisionari wa Kiingereza, beti pamoja na habari zake: hili lilisemwa kwa sababu gani, hili lilimjibu nani. Kama angetoa beti tupu, leo tungekuwa na maneno mazuri yasiyotwambia aliyesemwa ni nani. Kwa hiyo mwanafunzi akikwambia "mshairi anazungumzia umoja", muulize: alimwambia nani, siku gani, na huyo aliyeambiwa angejibu nini? Usimpe maksi kabla hajakutajia aliyeambiwa.

Nimesema vya kutosha. Toeni zile karatasi.

Ndani kuna sentensi moja, ya kawaida kabisa katika fomu za mikopo: "Mdhamini atawajibika kwa deni lote, riba na gharama endapo mkopaji atashindwa kulipa." Geuka kwa jirani yako. Mmoja wenu ni msaidizi, mwingine ni jirani aliyeombwa na rafiki yake amdhamini, na ana kiwanja kimoja tu. Eleza. Kisha nyamaza, umwache yeye akurudishie kwa maneno ya mama yake, na akuulize chochote. Asipokuwa na swali lolote, anza upya. Dakika 10.

Mama wa kanga ya njano pale mbele, naona hata hujamgeukia jirani yako, umeshanyoosha mkono. Tunyamazeni kidogo. Uliza, mama.